Kundi Rika au Kikundi cha Kuliwazana? Uhakiki wa Istilahi za Vikundi vya Wenye Maradhi ya Hisia

Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi chache zilizomo katika rasimu ya mwongozo mmoja iliyoletwa mezani petu ili tuipitie. Mwongozo huo ulitafsiriwa kwa ajili ya wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, na shabaha yake ni njema. Unakusudia kuwawezesha watu wenye maradhi ya hisia, yaani wale wanaoelemewa na huzuni isiyokwisha, au ambao hisia zao hupanda na kushuka kupita kiasi, wakutane kwa vikundi vijijini mwao na kusaidiana. Hatuna ugomvi na shabaha hiyo. Ugomvi wetu ni na maneno. Hatutamtaja mfasiri wala ofisi iliyomwagiza, kwa sababu makosa tutakayoyaonyesha si yake peke yake. Yamezagaa katika vijitabu, mabango na semina za afya, na moja kati ya hayo, kama tutakavyokiri, tumelieneza sisi wenyewe.

Karagwe na Kyerwa zilikuwa wilaya moja mpaka mwaka 2012. Wenyeji wengi ni Wanyambo, na lugha ya nyumbani ni Kinyambo, ndugu wa Kihaya na wa Kinyankole cha ng'ambo ya mpaka. Kiswahili huko ni lugha ya shule, ya ofisi, ya soko na ya zahanati. Kwa hiyo istilahi ya Kiswahili inapofika kijijini haipokelewi kama neno jipya lisilo na ndugu. Msikilizaji huipima kwanza kwa maneno ya Kiswahili aliyokwisha kuyasikia sokoni na zahanati, na kwa hisia za maneno ya nyumbani kwake. Mtaalamu wa istilahi anayelisahau jambo hilo huandika kwa ajili ya kabati la ofisi.

Tuliamua basi tusiipitie rasimu hiyo mezani tu. Tuliisoma kwa sauti mbele ya wananchi wa kata moja isiyo mbali na mji wa Kayanga, tukawaomba watueleze walichokisikia. Uhakiki ufuatao umetokana na majibu yao.

Istilahi ya kwanza: "kundi rika"

Rasimu inaviita vikundi hivyo "makundi rika ya usaidizi", na mtu anayewasaidia wenzake inamwita "msaidizi rika". Tulipomaliza kusoma ukurasa wa kwanza, mama mmoja mtu mzima aliinua mkono akauliza: "Mwanangu, hicho kikundi si cha vijana? Sisi wazee mtatuweka wapi?" Wenzake waliafiki. Hakuna aliyekuwa ameelewa kwamba maneno hayo yanamhusu yeye.

Swali la mama huyo ni sahihi kabisa kwa mujibu wa lugha. Rika ni watu wa umri mmoja. Neno hili lina asili katika desturi ya watu waliozaliwa, waliokua au waliopitia jando katika kipindi kimoja. Lilipoingizwa katika kampeni za UKIMWI, likatupatia "elimu rika" na "waelimishaji rika", lilikuwa mahali pake, maana waliokusudiwa walikuwa vijana wakiwafundisha vijana wenzao. Kosa lilianza pale neno lilipochukuliwa kama mzigo mzima na kuhamishiwa kila mahali ambapo lugha ya kigeni ilisema juu ya watu walio sawa kwa jambo fulani. Watu wenye maradhi ya hisia hawakusanywi na umri. Mjane wa miaka 60, dereva wa bodaboda wa miaka 24 na mwalimu wa shule ya msingi wanaweza kuwa na maradhi yaleyale. Kinachowafanya wawe sawa ni yale yaliyowafika. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Hapa inatupasa tukiri. Miaka kadhaa iliyopita, sisi tunaoandika haya tuliipitisha istilahi hiyohiyo katika tafsiri nyingine, kwa hoja kwamba imekwisha kuzoeleka. Imezoelekwa na nani? Imezoelekwa na sisi tunaohudhuria semina. Mazoea ya ofisini si ushahidi wa kutosha kwamba neno limekubalika.

Istilahi ya pili: majina ya maradhi yenyewe

Rasimu inatumia "sonona" kwa maradhi ya huzuni nzito. Neno hili limeenea sana nchini katika siku za karibuni, na mzizi wake ni mzuri: kusononeka ni kuumia moyoni pasipo jeraha linaloonekana. Lakini msikilizaji wa Karagwe ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza hakukutana na kitenzi "sononeka" utotoni. Neno la mzizi huo alilolisikia zahanati ni "kisonono", yaani ugonjwa wa zinaa. Tuliposoma sentensi isemayo kwamba wenye sonona wajitokeze bila aibu, vijana waliokaa nyuma walicheka, na wazee wakainamisha vichwa. Hakuna mtu mwenye huzuni nzito atakayejitokeza katika kicheko cha namna hiyo. Hatusemi kwamba "sonona" lifutwe katika vitabu vya udaktari. Tunasema kwamba katika mkutano wa kijiji lisitangulie peke yake. Litanguliwe na maelezo, kwa mfano "maradhi ya huzuni nzito", kisha jina la kitaalamu lifuate.

Kwa maradhi ya hisia zinazopanda na kushuka, mfasiri ameandika "ugonjwa wa ncha mbili". Hii ni tafsiri ya sisisi isiyoleta picha yoyote. Ncha mbili za nini? Mzee mmoja alidhani tunazungumzia mkuki. Ilhali wananchi wanayo tayari njia ya kulieleza jambo hili, kwa kuwa wanasema kila siku juu ya "presha ya kupanda" na "presha ya kushuka". "Maradhi ya kupanda na kushuka kwa hisia" ni maneno marefu, lakini kila mtu aliyesikia aliyaelewa. Tena yana faida nyingine: mwenye presha haoni haya kumeza dawa kila siku wala kurudi kliniki, na haitwi mwendawazimu. Neno "hisia" lazima libaki hapo wakati wote, ili mgonjwa asije akapelekwa kupimwa presha akarudishwa nyumbani kwamba ni mzima.

Kuhusu jina la jumla, rasimu inayumba kati ya "magonjwa ya mhemko" na "magonjwa ya akili". La kwanza halifai, kwa sababu kuhemka ni kupandwa na hisia kwa nguvu. Mtu ambaye hana hamu ya chakula, ya kazi wala ya kuzungumza hakuhemka hata kidogo. La pili lina msingi wa kisheria, maana tunayo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na "afya ya akili" ni istilahi tunayoiunga mkono. Lakini "afya ya akili" ni jambo moja, na "mgonjwa wa akili" ni jambo jingine. Katika Kiswahili, akili ndiyo inayomtenga mtu na mnyama, na "hana akili" ni tusi. Mwenye huzuni nzito akili yake mara nyingi ni nzima, na huenda hiyo ndiyo inayomtesa, maana anaona wazi kwamba shamba la kahawa linaota magugu na hawezi kuinuka. Wenyewe walitueleza kwamba kinachougua ni moyo, ambao kwa Kinyambo ni omutima. Kwa bahati mbaya hatuwezi kuchukua "maradhi ya moyo", kwa kuwa istilahi hiyo imekwisha kutwaliwa na maradhi ya kiungo kisukumacho damu. Ndiyo sababu sisi tumechagua "maradhi ya hisia". Tunajua kwamba neno hili halina uzito wa "moyo", lakini halimdanganyi mtu wala halimtukani.

Kagera na historia ya majina ya maradhi

Huenda msomaji akauliza kwa nini tunalishughulikia suala la majina kwa ukali huu. Tunaomba aukumbuke mkoa wenyewe. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kabla ya jina la kitaalamu kufika, wananchi waliuita ugonjwa huo "Juliana", kwa jina la mashati yaliyouzwa kwa magendo wakati huo. Baadaye likaja jina "UKIMWI", ambalo ni miongoni mwa istilahi zilizofaulu vizuri kuliko zote katika lugha yetu. Hata hivyo, waliougua waliendelea kwa miaka mingi kuitwa "waathirika", kana kwamba maisha yao yamekwisha. Ilibidi wenyewe wajipatie jina jingine, "watu wanaoishi na VVU", kwa kifupi WAVIU, na vyama vyao vya wilaya wakaviita Konga, kutokana na kitenzi cha Kiswahili cha kukusanyika. Leo mtu anayeishi na VVU anayewasaidia wenzake kituoni huitwa "WAVIU Mshauri". Hakuna aliyemwita "rika". Jina hilo linasema yeye ni nani na anafanya nini, na waliolibeba ndio waliolipa heshima.

Funzo lililopo ni kwamba mkoa huu umekwisha kuona jina likimficha mgonjwa, na umekwisha kuona jina likimtoa mafichoni. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yatupasa tujiulize ni nani aliyemfundisha kuyaficha. Mara nyingine ni neno tulilomwandikia.

Walivyofanya majirani

Tusidhani kwamba sisi ndio wa kwanza kukutana na tatizo hili. Kaskazini ya Kagera, ng'ambo ya mpaka wa Uganda, kuna nchi ya Masaka na Rakai. Mwaka 2002 wataalamu waliendesha huko vikundi vya tiba ya mazungumzo kwa watu wenye huzuni nzito, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Kazi hiyo ilihusu vijiji 30. Wanaume walikutana peke yao na wanawake peke yao, mara moja kwa wiki, kwa muda wa dakika 90, kwa wiki 16. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji wa huko waliofundishwa kazi hiyo. Waliohudhuria walipata nafuu kubwa kuliko wasiohudhuria, na nafuu hiyo ilikuwapo bado baada ya miezi 6. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwongozo wa tiba hiyo ya vikundi ili itumike mahali pengine.

Jambo linalotuhusu sisi watu wa istilahi ni lililotangulia vikundi hivyo. Wataalamu wale hawakuanza kwa kutafsiri jina la ugonjwa kutoka vitabuni. Walianza kwa kuwauliza wanavijiji wanaitaje hali hiyo. Wanavijiji walitaja hali mbili: okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubagiza, yaani kujihurumia. Neno hili la pili latufaa tulitazame kwa makini. Katika Kiganda, okukubagiza ni kumliwaza aliyefikwa na msiba. Kikiongezwa kiambishi cha kujirejea, neno hugeuka: mtu anajiliwaza mwenyewe, peke yake, pasipo mwisho, na huo ndio ugonjwa. Kwa maneno mengine, jambo lilelile ambalo ni dawa likitoka kwa mwingine huwa maradhi mtu akibaki nalo peke yake.

Nchini Zimbabwe nako, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianzisha huduma ambayo akina bibi wa mtaa huketi katika benchi nje ya zahanati na kuzungumza na wenye mawazo mazito. Kwanza benchi hilo lilipewa jina la afya ya akili, na watu hawakutaka kuonekana wameketi hapo. Akina bibi wenyewe ndio walioshauri jina libadilishwe. Jina la Kishona lililotumika, Chigaro Chekupanamazano, maana yake ni kiti cha kupeana mashauri. Waliomaliza mazungumzo hukaribishwa katika vikundi vyao vinavyoitwa Kubatana Tose, yaani kushikana sote. Msomaji atakuwa ameona kwamba katika majina yote mawili mna kiambishi cha kutendana, ambacho Kishona na Kiswahili wamekirithi kutoka kwa mama mmoja.

Pendekezo letu

Kiswahili basi hakina haja ya kukopa rika la vijana ili kueleza usawa wa wagonjwa. Sarufi yake inao usawa huo katika kitenzi. Tendo la kutendana halina mkubwa wala mdogo, wala halina mtoaji na mpokeaji. Kila mmoja ni vyote viwili. Suala lililobaki ni kuchagua kitenzi.

"Kikundi cha kusaidiana" ndicho kinachokuja haraka, na wafasiri wengi hukitumia. Tulikijaribu. Wananchi walikielewa papo hapo, lakini walichoelewa ni fedha. Katika vijiji vyetu kikundi cha kusaidiana ni cha kuweka na kukopa, cha kufa na kuzikana, au kilichoandikishwa ili kipate mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hata bujuni, jina la vyama vya msaada linalojulikana mkoani humo, linakumbusha mchango wa msiba na wa hospitali. Swali la kwanza tulilopata lilikuwa: "Kiingilio ni shilingi ngapi?" Mtu maskini aliyeelemewa na huzuni akisikia kikundi cha namna hiyo atasema hana cha kuchangia, atabaki nyumbani.

Tunapendekeza "kikundi cha kuliwazana", na kwa nomino "maliwazano", kwa kanuni ileile iliyotupatia mapatano na mashindano. Anayewaongoza wenzake kwa sababu naye amepitia hali hiyo aitwe "mliwazaji". Kuliwaza ni kumtuliza aliyeumia moyoni kwa maneno na kwa kuwa naye. Ni neno la kale, halina tusi, halitaji akili wala zinaa, na halidai kiingilio.

Tunajua pingamizi litakalotolewa. Mganga mmoja msaidizi tuliyemwonyesha pendekezo hili alisema: "Ndugu zangu, neno hilo ni laini mno. Watu watadhani kuliwazana kunatosha, waache dawa." Pingamizi hili ni zito, hasa kwa wenye maradhi ya kupanda na kushuka kwa hisia, ambao aghalabu huhitaji dawa kwa muda mrefu. Jibu letu ni kwamba jina la kikundi halipaswi kufanya kazi ya mwongozo mzima. Sentensi ya pili ya mwongozo iseme wazi kwamba kuliwazana hakuondoi kliniki, na kwamba mtu anayesema anataka kujiua apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kazi ya jina ni kumfanya mtu aingie. Asipoingia, hiyo sentensi ya pili hataisikia.

Yapo maneno mengine mawili ya kurekebisha. Rasimu inataka kila mwanakikundi "aape kutunza siri". Siri ni kitu kinachofichwa, mara nyingi kwa sababu ni kibaya, na kiapo ni cha mahakamani. Sisi tunapendekeza "amana": yaliyosemwa kikundini ni amana. Kila mwananchi anajua kwamba amana huhifadhiwa kwa sababu ni mali ya mwenzako.

La mwisho linahusu simu. Sehemu ya rasimu inazungumzia wagonjwa wanaokutana kwa njia ya mtandao, na mfasiri, kwa bidii ya kutii usanifu, ameandika "kundi sogozi". Istilahi hiyo ni halali kwa makundi ya WhatsApp ya kawaida, na ni afadhali kuliko "grupu". Lakini kusogoa ni kuzungumza kwa kujifurahisha. Mtu asiyepata usingizi usiku wa manane, mwenye kuandika ujumbe akitumaini kwamba mmoja wa wenzake yu macho, hasogoi. Iandikwe tu "kikundi cha kuliwazana cha mtandaoni". Usanifu wa istilahi haumlazimishi mfasiri kuweka neno sanifu mahali ambapo maana yake haiko.

Hitimisho

Hatutaki mapendekezo haya yachukuliwe kuwa amri. Tungekuwa tumerudia kosa lilelile tunalolikemea. Tulisoma rasimu katika kata moja ya Karagwe tu. Maneno haya yafaa yajaribiwe pia huko Kyerwa, katika Nkwenda na Murongo, ambako Kinyankole na Kinyarwanda husikika kando ya Kinyambo. Yasomwe pia katika redio ya jamii ya FADECO iliyoko Karagwe, kabla hayajachapishwa. Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa afya wa wilaya hizo mbili watuandikie wayaonayo, hasa yale yatakayotupinga.

Tulipokuwa tunafunga makaratasi siku ile, mama yule aliyeuliza juu ya vijana alitusogelea akauliza tena, safari hii kwa sauti ya chini: "Hicho cha kuliwazana kitaanza lini?" Hatukuwa na jibu, kwa sababu kuanzisha vikundi si kazi yetu. Kazi yetu ni maneno, na kuanzia siku ile tuliona haya kuichelewesha.